Utomvu wa miti na tumbo linalosumbua: kinachotuliza na kisichoponya

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI

Ukipita Kibuye siku ya Jumapili, kati ya wauzaji wa manyasi utaona mifuko midogo yenye vipande vinavyong'aa. Vingine ni vyeupe kama chumvi ya mawe, vingine vina rangi ya asali, vingine ni vya kahawia iliyokolea na ukivinusa vina harufu ya uchungu. Muuzaji atakwambia vyote ni dawa ya tumbo. Tumbo likijaa gesi, tafuna. Kiungulia kikikushika usiku, loweka unywe. Kama una vidonda vya tumbo, au minyoo ya ziwani, tumia hicho hicho.

Vipande hivyo ni utomvu wa miti uliokauka. Watu wameutumia kwa tumbo kwa karne nyingi, kuanzia kwa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hadi Uarabuni, Misri na Ugiriki, na si haki kuwacheka. Mwandishi wa somo hili naye alilelewa kwa manyasi, wala hakusudii kumkataza mtu dawa ya nyanya yake. Lakini kando ya ziwa letu, maumivu ya tumbo mara nyingi yana mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kukaa ndani ya mwili miaka mingi akiharibu, huku mgonjwa akijituliza kwa kijiko cha dawa. Baadhi ya aina za utomvu zimepimwa na wanasayansi dhidi ya magonjwa hayo hayo yanayotusumbua. Majibu yalishapatikana, na mkazi wa Kisumu anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Jua kwanza umeuziwa nini

Mti ukijeruhiwa na shoka, mdudu au ukame, hutoa majimaji mazito ya kuziba kidonda chake. Yakikauka huwa mojawapo ya vitu viwili. Cha kwanza ni gundi, ambayo kwa asili yake ni sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, nayo huyeyuka ndani ya maji. Cha pili ni ulimbo wenye mafuta na harufu. Huo hauyeyuki ndani ya maji, bali huyeyuka katika mafuta au spiriti, na ukiutia kwenye kaa la moto hutoa moshi unaonukia. Ubani na manemane ni mchanganyiko wa vyote viwili. Ndiyo maana ukiloweka manemane, maji huwa meupe kama yaliyotiwa maziwa, na chini hubaki makapi.

Tofauti hiyo unaweza kuiona nyumbani. Chukua kipande chenye ukubwa wa punje ya hindi, kitie katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kiache hadi asubuhi. Kikiwa kimeyeyuka chote na maji kuwa mazito kidogo bila harufu kali, yaelekea ni gundi ya mgunga. Kikibaki kigumu chini ya glasi, au maji yakiwa meupe na machungu, hiyo si gundi hata muuzaji akiapa. Jaribio hili haliwezi kukuhakikishia kwamba kitu ni salama. Linakuonyesha tu kama umepewa ulichoomba.

Kuna sababu ya kuangalia. Katika kaunti kavu za kaskazini kunavunwa pia utomvu unaoitwa hagar, ambao mti wake ni jamaa wa karibu wa mti wa manemane. Wafugaji huutumia kuua kupe kwenye mifugo. Ukishavunjwavunjwa na kufungwa mfukoni, macho ya mnunuzi wa kawaida hayawezi kuutofautisha na manemane, na sioni kwa nini mtu anywe dawa ya kupe kwa sababu ya gesi.

Gundi ya mgunga: hii ndiyo yenye utetezi

Gundi hii hutoka kwa aina ya mgunga unaomea katika nchi kavu. Sudan ndiyo inayoongoza duniani kwa kuizalisha. Hapa Kenya huvunwa Turkana, Samburu, Marsabit, Isiolo, Wajir na Mandera, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, imefanya kazi kwa miaka mingi na wavunaji wa huko. Bila kujua, wewe umeshaila. Imo katika soda na peremende, na viwanda vya chakula huiandika kwenye lebo kwa namba E414. Wafamasia wa zamani waliichanganya katika dawa za kikohozi kwa sababu hufunika koo lililowashwa.

Tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Hupita nzima hadi kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wazuri huila. Kwa hiyo hufanya kazi kama nyuzinyuzi za mboga na matunda: choo hulainika, na mtu mwenye kiungulia kidogo anaweza kuhisi ametulia. Hadi hapo nyanya zetu hawakukosea. Ila bakteria hao wakiila hutoa hewa, kwa hiyo mtu anayeitumia ili kupunguza gesi huenda siku za kwanza akajikuta na gesi zaidi. Anayesumbuliwa na choo kigumu ndiye atakayeifurahia.

Manemane na kichocho cha ziwa

Manemane ndiyo inayouzwa kwa maneno makubwa zaidi, na hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wa kando ya ziwa.

Kichocho cha Ziwa Victoria si kile cha kukojoa damu kinachojulikana sana pwani. Chetu ni cha utumbo. Vijidudu hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye magugu ya ukingoni, huogelea majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani kwa dakika chache tu. Ndani ya mwili huwa minyoo, na dume na jike hukaa pamoja katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Huishi humo miaka mitatu, mitano, kumi, wakitaga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoka na choo na, yakifika majini, mzunguko huanza upya. Mengine hupotea njia, yakasombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama huko.

Mtu mwenye minyoo hiyo husikia nini? Mara nyingi husikia kile kile ambacho watu hutafutia dawa ya Kibuye: tumbo linalouma kisha linaacha, kuendesha kunakorudi, uchovu, pengine damu kidogo kwenye choo. Akitulizwa, huona amepona. Mayai yanaendelea kukwama. Miaka ikipita ini huwa na makovu, wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka mtu akatapika damu. Kuna wagonjwa ambao siku ya kutapika damu ndiyo siku yao ya kwanza kusikia kwamba wana kichocho.

Walio hatarini tunawajua: wavuvi, wachimba mchanga, akina mama wanaofua na kuteka maji ukingoni, watoto wanaoogelea, vijana wanaoosha magari ziwani. Hao waosha magari wa Kisumu wanajulikana katika vitabu vya sayansi kuliko wanavyodhani wenyewe. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI na wenzao kutoka Marekani waliwafuatilia kwa miaka, wakiwapima, kuwatibu na kuwapima tena, na mwaka 2002 jarida la Lancet likachapisha waliyoyaona. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, mwili huanza kujenga kinga. Wengine huambukizwa upya kila wanaporudi majini.

Sasa, je, manemane inaua minyoo hiyo? Misri ilishajaribu. Bonde la Mto Nile lina kichocho cha aina hii hii, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa ya kiwandani iliyotengenezwa kwa manemane, iliyoitwa Mirazid, iliuzwa huko kama tiba yake. Ripoti za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Kisha mwaka 2005 vikundi viwili tofauti vya watafiti vilichapisha majaribio yaliyoilinganisha na praziquantel, ile dawa ya kichocho ambayo watoto wetu hupewa shuleni. Kati ya waliopewa manemane, waliopona hawakufika hata mmoja kati ya watano. Kati ya waliopewa praziquantel, walipona zaidi ya nusu.

Tena hiyo ilikuwa manemane iliyosafishwa na kupimwa kwa kipimo kimoja. Ya mfukoni haina kipimo, na pengine hata si manemane.

Vidonda vya tumbo, na utomvu wa kisiwa cha Ugiriki

Vidonda vya tumbo navyo vina hadithi inayofanana. Zamani tuliambiwa huletwa na mawazo mengi na pilipili. Kumbe vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayeishi kwenye ukuta wa tumbo. Daktari Barry Marshall wa Australia, mwaka 1984, alikunywa bakteria hao ili kuthibitisha maneno yake, na siku chache baadaye akaugua. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ya vidonda ni dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini. Mtu wa kazi ngumu anayemeza tembe za mgongo kila jioni, kisha akanunua utomvu wa kutuliza tumbo asubuhi, anajaza ndoo iliyotoboka.

Katika maduka ya dawa za asili, na kwa ndugu wanaotoka Uarabuni, unaweza kupata mastiki, utomvu wa mti wa kisiwa cha Chios huko Ugiriki. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza waliripoti kwamba mastiki iliua bakteria hao maabara. Habari ikaenea, na inaenezwa hadi leo kana kwamba jambo lilikwisha hapo. Halikwisha. Mwaka 2003 wagonjwa wachache walipewa mastiki kila siku kwa siku 14, na walipopimwa bakteria walikuwa bado wamo. Utafiti mwingine mdogo wa Ugiriki, uliochapishwa 2010, ulipata wachache waliopona kwa mastiki peke yake, lakini wengi hawakupona. Tiba ya kweli ni mchanganyiko wa dawa mbili au zaidi za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14 bila kuruka hata moja. Vitu vingi hufa ndani ya chupa ya maabara. Ndani ya tumbo ni shamba jingine.

Ojuok usiuonje

Kuna utomvu mmoja ambao hautoki kaskazini wala Ugiriki. Uko kwenye ua la boma lako. Ojuok, ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ukivunjwa hutoa maziwa meupe. Wako wanaoyatumia kama dawa. Maziwa hayo huunguza ngozi, yakiingia jichoni yanaweza kukupofusha kwa muda, na yakimezwa huchoma mdomo na tumbo. Isitoshe, maabara imeonyesha kwamba yanaweza kuamsha kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto na ambayo hupatikana zaidi katika ukanda wetu huu kuliko sehemu nyingi za dunia. Watoto wasichezee vijiti hivyo. Yakimwingia mtu jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha mpeleke hospitalini.

Ikiwa bado utatumia

Anayetaka kutumia gundi ya mgunga kwa choo kigumu au kiungulia cha mara moja moja, achague vipande visafi visivyo na magamba wala mchanga, avisuuze, kisha aloweke kijiko kimoja cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa. Asubuhi achuje kwa kitambaa safi, anywe. Akianza na nusu kijiko tumbo halitashtuka. Maji ya ziwa au kisima yasiyochemshwa yasitumike kabisa, maana kipindupindu kimerudi mara kadhaa katika kaunti za kando ya ziwa na hakichagui kama kimo kwenye chai au kwenye dawa. Usizidishe wiki mbili. Tumbo lililokuwa linauma wiki mbili zilizopita na bado linauma linahitaji kupimwa.

Manemane na ubani tunashauri usimeze. Mama mjamzito asiguse manemane ya kunywa kabisa, kwa kuwa tangu zamani inajulikana kusukuma tumbo la uzazi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajiepushe nayo pia. Wa presha nao wana lao: guggul, utomvu wa mti wa India ulio jamaa ya manemane, ulionekana kupunguza kiasi cha propranolol na diltiazem kinachoingia katika damu. Mgonjwa anaweza kumeza tembe zake kwa uaminifu na presha ikapanda vilevile, na daktari asijue kwa nini. Aliye kwenye dawa za kisukari, kifua kikuu au ARV amwambie mhudumu wake anachokunywa pembeni. Hatakemewa. Ikiwezekana abebe huo mfuko wenyewe, kwa sababu jina la sokoni peke yake halimsaidii sana mfamasia.

Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe aina yoyote. Mtoto anayeendesha anahitaji ORS na zinki, na aendelee kunyonya au kula.

Tumbo lisilopaswa kusubiri

Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Choo cheusi kinachonata kama lami ni damu inayotoka juu. Wajawazito wanaomeza tembe za madini ya chuma huwa na choo cheusi pia, lakini waulize muuguzi badala ya kujihakikishia wenyewe. Kuendesha maji meupe kama ya kuosha mchele, macho kuingia ndani, kushindwa kukojoa, tumbo kuwa gumu kama ubao, macho kuwa ya njano, au tumbo kuvimba huku mikono ikikonda: hakuna utomvu wa hayo. Mtu aanze kunywa ORS akiwa njiani ikiwa anaendesha na anaweza kumeza.

Kuna moja ambalo watu hulizoea polepole. Ugali unakwama, mtu anahamia uji, kisha uji nao unakwama. Saratani ya koo la chakula ni ya kawaida magharibi mwa nchi yetu kuliko maeneo mengi, na anayekuja mapema ana nafasi ambayo anayekuja akiwa anameza maji tu hana.

Kupimwa

Kipimo cha kichocho ni cha choo, hakihitaji sindano. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba unaingia ziwani au uliwahi kuishi ufuoni, hata kama sasa unakaa Muhoroni au Nyakach ya juu, kwa kuwa minyoo hiyo husafiri na mwenyewe. Praziquantel hupimwa kwa uzito wa mwili na kwa kawaida humezwa siku moja, baada ya kula ili isikulevye tumbo. Haikukingi usiambukizwe tena, kwa hiyo anayerudi majini kila siku arudi kupimwa pia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ugawaji wa dawa hiyo katika maeneo yenye kichocho uanzie kwa watoto wa miaka miwili na ufikie watu wazima, wakiwemo wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Si dawa ya wanafunzi pekee.

Cha H. pylori pia kinaweza kufanywa kwa choo. Hapa watu wengi huharibu jibu bila kujua: ukiwa umemeza omeprazole ndani ya wiki mbili zilizopita, au dawa za kuua bakteria ndani ya wiki nne, kipimo kinaweza kusema huna ilhali unaye. Mwambie wa maabara ulichomeza na lini.

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako huduma za msingi hulipiwa na mfuko wa serikali kwa aliyejisajili na SHA. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukusaidia kujisajili. Ukiombwa sampuli, chukua kikopo kikavu kutoka maabara siku moja kabla, usitumie mkebe wa mafuta wala wa dawa. Kiasi cha ukucha wa kidole gumba kinatosha. Kisichanganyike na mkojo wala maji, kifunikwe, na kifike maabara asubuhi hiyo hiyo kabla jua halijakuwa kali.